Nusu Mbili za Uso wa Paskazia

Kliniki ya ngozi na urembo ya Igoma ilikuwa na kila kitu isipokuwa kile ambacho Rebeka alikuwa ameshawaahidi wateja. Ilikuwa na vyumba vitatu vilivyopakwa rangi ya maziwa, kitanda cha kuinuka upande wa kichwa, kioo kirefu kilichosafiri kutoka Nairobi bila kupasuka, na daktari. Mashine ya kukaza ngozi haikuwepo. Rebeka alikuwa ameitangaza kanisani, sokoni, na kwenye sherehe mbili za kumuaga bibi harusi.

Mwaka ulikuwa 1994. Ndege za mizigo zilitua Mwanza zikiwa tupu na kuondoka na minofu ya sangara, na wake wa mawakala wa samaki walikuwa wamepata fedha kabla ya kupata mahali pa kuzitumia. Kanga walikuwa nazo. Vitambaa vya Dubai walikuwa navyo. Rebeka, aliyekuwa amewauzia vyote hivyo, aliwatazama usoni akaona biashara iliyobaki.

Daktari aliitwa Kokulinda, mzaliwa wa upande wa Bukoba. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi kwenye chumba cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya serikali, na sehemu kubwa ya wagonjwa wake walikuwa wanawake waliojipaka mkorogo: mashavu yaliyochubuka, mabaka ya bluu chini ya macho, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Kila mmoja alikuwa ameuziwa dawa hiyo na mtu aliyemwambia haina madhara. Serikali iliporuhusu kliniki za watu binafsi, Kokulinda aliacha kazi akaungana na Rebeka. Mapatano yao yalikuwa mafupi. Mambo ya wateja ni ya Rebeka, mambo ya ngozi ni ya Kokulinda. Mashine iliangukia katikati.

"Mashine nisiyojua inafanya nini kwenye ngozi siigusi," Kokulinda alimwambia Rebeka. "Na sitamwambia mtu inafanya kitu ambacho haifanyi. Ukinitaka nifanye hivyo, Mama Masalu, tafuta daktari mwingine."

"Nani kasema utafanya hivyo, Koku?"

"Hakuna. Nasema mapema."

Alisema bila kupandisha sauti, na Rebeka alimwamini. Leseni ya kliniki ilikuwa kwa jina la Kokulinda. Akiondoka, vyumba vile vitatu vingebaki vyumba. Kokulinda naye alikuwa na lake la kupoteza. Hospitalini nafasi yake ilikuwa imeshajazwa.

Wauzaji walikuja wawili, katika wiki moja.

Wa kwanza, Chenge, alitoka Dar es Salaam na shati la hariri na sanduku dogo lililotandikwa mahameli nyekundu. Juu ya mahameli ilipangwa mirija ya kioo: mmoja kama uyoga, mmoja kama kitana, mmoja kama kijiko. Aliuchomeka ule wa uyoga kwenye mpini, akawasha, na kioo kikajaa mwanga wa zambarau. Ulipoukaribia mkono wa Rebeka ulitoa cheche ndogo zenye sauti ya mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji.

"Mama yangu!" Rebeka aliurudisha mkono, kisha akaupeleka tena.

"Inaingia ndani ya ngozi kiasi gani?" Kokulinda aliuliza.

"Hii ndiyo wanayotumia Dubai, daktari."

"Nimeuliza kiasi gani."

"Dubai nzima, daktari."

"Na joto lake?"

"Dubai kuna joto sana," Chenge alisema, na kwa kuwa alikuwa mtu mchangamfu alicheka mwenyewe kabla ya mwingine yeyote.

Wa pili, Bagenda, alikuwa mtu mzima mwenye kuchechemea kidogo. Alifika kwa meli kutoka Bukoba, na mashine yake ikapandishwa na wapagazi. Ilikuwa ya kijivu, refu kama kabati la mafaili, yenye magurudumu na mikono miwili, na mwisho wa kila mkono palikuwa na kisahani kilichofunikwa kwa mpira. Ilikuwa imetumika miaka mingi kwenye hospitali moja ya misheni ng'ambo ya mpaka. Bagenda alimsalimu Kokulinda kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayedhani biashara imekwisha. Kokulinda alimwitikia kwa Kihaya, kisha akahamia Kiswahili.

"Inafanyaje kazi?"

"Inatoa mawimbi kama ya redio. Yanapita kati ya visahani hivi viwili na kupasha nyama joto kwa ndani. Na ngozi ikipata joto inajikunja, kama nyama kwenye sufuria."

"Nyama kwenye sufuria imeiva, mzee."

"Ndiyo maana pana swichi," Bagenda alisema, akaonyesha kitufe cha kuzungusha chenye namba moja hadi kumi.

Walipobaki wawili, Rebeka alikaa kwenye kitanda cha wateja na kuvua viatu.

"Lile ni friji," alisema. "Mteja akiliona atauliza soda ziko wapi."

"Friji hilo angalau linajibu maswali."

"Linajibu kwa Kihaya."

"Nilimuuliza kwa Kiswahili, ulikuwepo."

"Nshomile bwana! Nyie mkikutana hata kabati linageuka msomi." Rebeka alicheka kwa jina hilo la utani wanalopewa Wahaya kwa kujisifia usomi, lakini hakuwa anatania kabisa. "Koku, mimi nimeuza vitu tangu sijaolewa. Mtu hanunui joto. Mtu ananunua anachokiona. Ile ya zambarau, hata mimi niliyezeeka ngozi ilisisimka."

"Ilisisimka kwa sababu ulipigwa na umeme."

Walibishana hivyo siku kadhaa, kila mmoja akiwa na hakika. Wauzaji walilala kwenye nyumba za wageni na kuanza kusalimiana. Mwishowe Rebeka alitoa wazo ambalo lisingemjia mtu mwingine ila mtoto wa manju.

Marehemu baba yake alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, wa Wagalu, upande wa Kisesa. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu, na baada ya mavuno vikundi vyao hushindana. Vinacheza kwenye uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na hakuna mwamuzi wala alama. Watu wanatembea. Wanakojaa ndiko kwenye ushindi.

"Tuwaweke hapo nje Jumamosi," Rebeka alisema. "Chenge kulia, Bagenda kushoto. Watu waamue."

"Watu hawapimi joto."

"Pima wewe. Nani kakukataza? Chukua mtu mmoja, nusu ya uso mpe Chenge, nusu mpe yule Mhaya mwenzako. Mweke katikati watu wamwone. Lakini wakishaamua, wameamua. Tunainunua itakayoshinda na hakuna kunung'unika. Mwaka mmoja wapinzani wa baba walileta fisi uwanjani, kafungwa kamba shingoni. Uwanja mzima ukahamia kwa fisi. Unajua baba alifanya nini?"

"Alilalamika."

"Alikunja ngozi za ngoma zake akaenda nyumbani. Uwanjani hatuulizi watu walifuata nini."

Kokulinda alifikiri, akakubali. Kosa lake lilikuwa la mtu aliyesoma vizuri na kukulia kwingine: alidhani kwamba watu walioitwa kuangalia uso wataangalia uso.

Uso uliochaguliwa ulikuwa wa Paskazia, muuza dagaa wa Igoma, mwanamke wa miaka hamsini na ushee ambaye hakuwahi kujipaka mkorogo. Kokulinda aliazima tepu kwa Maige, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akapima mashavu yote mawili kutoka sikioni hadi pembe ya mdomo. Yalilingana. Alimvua hereni na kumuuliza kama ana chuma chochote mwilini.

"Ninacho kimoja," Paskazia alisema. "Mume wangu anasema ni moyo."

"Kinaruhusiwa."

"Basi haya. Kushoto Dubai, kulia Bukoba. Na pua nimpe nani?"

"Pua ni mpaka. Usicheke sasa."

Kazi ilifanyika ndani, mchana, kabla watu hawajajaa. Chenge alianza. Alimpaka Paskazia losheni kutoka kwenye chupa isiyo na karatasi, akasubiri ikauke, kisha akapitisha ule uyoga wa kioo huku akizungumza mfululizo. Bagenda alifuata. Aliweka visahani vyake upande wa kulia, kimoja shavuni na kingine nyuma ya shingo, akazungusha kitufe hadi mbili na kunyamaza.

Kokulinda alikuwa na kipimajoto cha maabara. Alisubiri kila mashine izimwe ndipo akapima, kwa sababu mashine ikiwa inafanya kazi kipimajoto chenyewe hudanganya. Shavu la kushoto lilikuwa nyuzi thelathini na tatu kabla ya Chenge na thelathini na tatu baada ya Chenge. La kulia lilipanda hadi arobaini na moja.

Lakini shavu la kushoto, lile ambalo halikupata joto hata kidogo, ndilo lililokuwa limekazika. Liling'aa kama sinia. Kokulinda aliinama karibu.

"Cheka sasa," alimwambia Paskazia.

"Nimechoka kucheka."

"Mfikirie Chenge anavyouza dagaa."

Paskazia alicheka, na shavu likatoa nyufa nyembamba kama tope lililokauka. Kokulinda alilowesha pamba kwa maji, akapangusa. Pamba ilitoka na utando unaoteleza. Shavu lilishuka taratibu mpaka mahali pake pa siku zote.

"Ute wa yai," Kokulinda alisema.

Chenge hakuona haya. "Kila fundi ana vikorombwezo vyake, daktari. Keki nayo si ina yai? Nani analalamika?"

Kokulinda alimwosha Paskazia uso wote na kumketisha nje kwenye kigoda, katikati ya meza mbili, akiwa amewaelekea watu, kila shavu upande wa mashine yake, ili watu waone wenyewe: upande huu hakuna kitu, upande huu wekundu kidogo na joto. Aliamini hilo lilitosha.

Saa kumi jioni uwanja ulikuwa umejaa. Hakuna aliyemtazama Paskazia. Chenge alikuwa ametundika vitenge vinne kutengeneza chumba cha giza, na ndani ya giza hilo alimpa Rebeka ashike tyubu ya taa ndefu, ya zile za dukani, isiyounganishwa na waya wowote. Alipousogeza mpini wake karibu, tyubu iliwaka. Iliwaka mkononi mwa Rebeka, nyeupe, kuanzia mwisho hadi mwisho, na Rebeka akapiga kigelegele kilichosikika kituo cha mabasi. Watu walisukumana kuingia. Wenye watoto waliwapandisha mabegani. Upande wa kushoto Bagenda alikaa peke yake na friji lake.

"Nimeachwa kama mchumba," Paskazia alisema kutoka kwenye kigoda. "Niwauzie dagaa angalau?"

Kokulinda alipenya mpaka ndani ya vitenge, akamshika Rebeka mkono.

"Mama Masalu, ilikuwa ute wa yai."

"Waangalie watu, Koku."

"Nimewaangalia. Wanaangalia taa. Hakuna mtu hapa anayetaka kuwa na taa shavuni."

"Na yule fisi alikuwa fisi tu. Baba alikwenda nyumbani." Rebeka alikuwa bado na tyubu mkononi, uso wake mweupe kwa mwanga, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Tulikubaliana au hatukukubaliana?"

"Tulikubaliana kuinunua."

"Basi."

"Na nilikuambia nini kuhusu kumdanganya mtu?"

Kokulinda alitoka nje. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mashine ya Chenge ingenunuliwa, Jumatatu mke wa wakala wa samaki angelala kwenye kitanda, na daktari angetakiwa kusema kwamba ngozi inakaza. Asingesema. Kwa hiyo Jumatatu asingekuwepo. Alianza kupanga kichwani ni vitu gani vya ofisini ni vyake: kipimajoto, vitabu viwili, koti.

Wakati huo Bagenda alikuwa amechoka kungoja. Goti lake la kulia lilikuwa linamsumbua tangu kwenye meli, na mashine ilikuwepo, na umeme ulikuwepo, na wateja hawakuwepo. Alikunja suruali, akaweka kisahani kimoja kila upande wa goti, akazungusha kitufe hadi nane, namba aliyoizoea, akafumba macho.

Ng'ambo ya barabara, kwa Maige fundi, redio ilikuwa inatangaza mpira. Pamba, timu ya Mwanza, walikuwa wanacheza Dar es Salaam. Mashine ya Chenge ilikuwa imeyakwaruza matangazo mchana kutwa, na Maige alikuwa ameihamisha redio mara mbili bila kulalamika. Sasa sauti ya mtangazaji ilipanda. Wanaume waliokuwa kwa Chenge waligeuza sikio moja, kama walivyokuwa wakifanya tangu mwanzo.

"Penalti! Ni penalti! Pamba wanapewa pe—"

Redio ikatoa mngurumo kama wa bomba kubwa la maji, na hapakusikika kingine.

"Nani kaizima?"

"Haijazimwa, si unasikia inanguruma!"

"Maige, igonge!"

"Nimeigonga!"

"Igonge kwa nyuma!"

Maige aliigonga kwa nyuma, kwa mbele na kwa juu. Kijana mmoja aliyekuwa anavuka barabara alisimama, akatazama upande wa kliniki, akanyoosha kidole.

"Ni yule mzee wa goti!"

Walikuja wakikimbia. Wanaume waliokuwa kwenye vitenge vya Chenge walisikia neno penalti na neno mzee, wakatoka wote, na wanawake wakatoka kuona wanaume wanakimbilia nini. Bagenda alifumbua macho akakuta uwanja mzima umemwinamia.

"Mzee, zima hicho kitu!"

"Kitu gani?"

"Zima! Pamba wana penalti!"

Bagenda alizungusha kitufe. Ng'ambo ya barabara redio ikarudi, safi kabisa: "...na mpira unarushwa katikati ya uwanja pale."

Hakuna aliyejua kama penalti ilikuwa imeingia.

"Mzee," Maige alisema, akiwa na mkasi mkononi, "mimi sikujui. Wewe ni wa Pamba au si wa Pamba?"

"Mimi ni wa Bukoba," Bagenda alisema. "Nina goti."

Mtu alicheka, kisha wengine. Halafu mmoja akasema, "Hebu washa tena." Bagenda aliwasha, redio ikanguruma. "Zima." Ikazungumza. "Washa." Ikanguruma. Walifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila mara matokeo yalikuwa yaleyale. Kokulinda, aliyekuwa amesimama pembeni na kipimajoto chake, alikiri moyoni kwamba lilikuwa jaribio safi kuliko lake. Watu wa Igoma hawakuweza kuiacha mashine iliyotuma kitu ng'ambo ya barabara bila waya wala mwanga. Mama mmoja mwenye mkongojo ndiye aliyeuliza swali lililofuata.

"Na goti lenyewe, linasikiaje?"

Bagenda alilikunja na kulinyoosha. "Lilikuja na meli likiwa gumu. Sasa linakunjika."

"Niachie mimi hapo."

"Shikamoo, bibi," Kokulinda alisema, akaingia kati. "Vua saa kwanza, na hizo bangili. Mzee Bagenda, siyo nane. Tatu."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye daktari."

"Haya, daktari, tatu. Lakini isiwe ya kunipunja."

Ndani ya vitenge walibaki watu wawili. Chenge alikuwa ameshika mpini wake wa zambarau, na Rebeka alikuwa ameshika tyubu ambayo ilikuwa haiwaki tena kwa sababu Chenge alikuwa ameusahau mpini umeelekea chini.

"Mama, hii haihesabiki," Chenge alisema. "Wamekwenda kugombana!"

Rebeka alitazama kupitia upenyo wa vitenge. Alitazama muda mrefu, na uso wake haukuwa na furaha. Alikuwa ameitaka ile ya zambarau kama mtu anavyotaka gauni.

"Wamekwenda," alisema. "Walichofuata siulizi. Kunja vitu vyako, mwanangu."

Chenge alikunja mahameli yake bila kinyongo. Alisema atajaribu Musoma, kwa kuwa huko hawana Wagalu.

Kesho yake, Jumapili, Rebeka alifika kliniki kutoka kanisani akiwa na gauni la ibada na hasira iliyotulia. Kokulinda alikuwa ameshafika, na mashine ilikuwa imerudishwa ndani. Bagenda naye alikuwa nje kwenye baraza. Hakuwa amepata nafasi ya kuondoka, kwani watu walimkuta alfajiri kwenye nyumba ya wageni wakamleta.

"Shikamoo, Mama Masalu."

"Marahaba. Haya, friji limeshinda. Nimelikubali. Kesho tunaanza na mke wa wakala wa kule Kiseke, anataka hapa na hapa." Rebeka aligusa chini ya kidevu na pembeni ya macho.

"Kwenye uso siitumii."

"Koku! Jana ulipima mwenyewe. Ulisema joto limepanda!"

"Lilipanda. Arobaini na moja kwa namba mbili. Likivuka arobaini na nne na kukaa hapo, ngozi inaungua, na kitufe hicho kimechakaa, kinaweza kuvuka chenyewe. Macho yako karibu, na macho hayastahimili joto hilo. Visahani vyenyewe vilitengenezwa kwa mapaja na migongo."

"Lakini inakaza?"

"Sijui. Mwite Paskazia tuone."

Paskazia aliitwa kutoka kwenye meza yake ya dagaa, akaja akijifuta mikono. Kokulinda hakupima kwanza. Alimweka mbele ya dirisha, mahali penye mwanga wa kutosha, akamgeukia Rebeka.

"Wewe unajua kitenge cha Kongo na cha kuiga ukiwa upande wa pili wa soko. Niambie ni shavu lipi lililokaa kwenye mashine ya Bagenda. Jana ulikuwa umeshika taa, hukuona."

Rebeka alisogea. Alimtazama Paskazia kulia, akamtazama kushoto.

"Geuka. Ngoja. Rudi. Inua kidevu."

"Nimegeuzwa kama samaki kwenye kikaango," Paskazia alisema.

"Usiongee, unavuta mdomo." Rebeka alirudi nyuma hatua kadhaa, akakunja macho, akasogea tena mpaka pua zao zikakaribiana. Alikuwa mkweli katika jambo moja, nalo ni kuangalia mali. "Hili," alisema, akigusa la kushoto. Kisha akasita. "Hapana. Hili. Ngoja."

Kokulinda hakumsaidia.

"Hamna," Rebeka alisema mwishoni. "Yote ni yale yale."

"Nakushukuru," Paskazia alisema. "Ni ya mama yangu."

Kokulinda alipima kwa tepu ya Maige, kutoka sikioni hadi mdomoni, kulia na kushoto. Namba hazikuwa zimebadilika. Wekundu wa jana ulikuwa umeondoka, pamoja na uvimbe mdogo ulioufuata.

Rebeka alikaa kwenye kitanda cha wateja. Safari hii hakuvua viatu. "Kwa hiyo nimenunua mashine isiyokaza, baada ya kuikataa mashine isiyokaza."

"Ndiyo."

"Na ya kukaza iko wapi?"

"Nimesoma nilivyoweza. Nadhani haijatengenezwa. Labda itatengenezwa kwa njia hii hii, kwa mawimbi, kukiwa na kitu cha kupoza ngozi juu na kitu cha kupima joto humo humo. Hii siyo."

"Wanawake nimeshawaambia."

"Najua."

"Nikiwaambia kesho kwamba inakaza?"

"Utawaambia peke yako," Kokulinda alisema. Mkoba wake ulikuwa juu ya kiti. Alikuwa ameweka ndani vile vitabu viwili, na Rebeka aliviona vikichungulia. Hakuna aliyepandisha sauti. "Nilisema mapema, Mama Masalu."

Rebeka alivitazama vitabu, akamtazama Paskazia, ambaye sura yake ilikuwa sawasawa pande zote. Nje kwenye baraza palikuwa na kelele za watu wanaobishana nani alitangulia. Aliinuka akaenda dirishani. Foleni ilikuwa imeshapita mlango wa kliniki na kuanza kuzunguka nyumba: wazee wenye mikongojo, wanawake wa viwanda vya minofu wanaosimama kutwa kwenye baridi na bega moja limeshuka, mwendesha mkokoteni aliyeshika kiuno. Bagenda alikuwa anawapanga kwa mkono. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika uso wake.

"Hawa wote ni wa nini?" aliuliza, ingawa alikuwa anaona.

"Magoti, mabega na migongo. Kazi hiyo inaiweza. Joto linalegeza na kupunguza maumivu kwa muda. Nimeiona ikifanya hospitalini, na naweza kuipima."

"Na hiyo utaisema kwa mdomo wako?"

"Hiyo nitaisema kwa mtu yeyote."

Rebeka aliendelea kuitazama foleni kwa jicho lilelile alilomtazamia Paskazia, akihesabu kimya kimya. Alipomaliza alichukua mkoba wa Kokulinda kwenye kiti, akauweka juu ya kabati, mahali ambapo Kokulinda kwa kimo chake asingeufikia bila kupanda kitu. Kisha akafungua mlango na kusimama kizingitini na gauni lake la ibada.

"Jamani! Sikilizeni. Magoti! Mabega! Migongo! Mmoja mmoja, na msimkanyage mzee Bagenda."

"Wajawazito hapana," Kokulinda alisema nyuma yake. "Na mwenye chuma ndani ya mfupa hapana. Waulize kwanza."

"Mmesikia? Mwenye mimba arudi akijifungua, mwenye chuma akae na chuma chake!"

Mwanamke mmoja aliyevaa kitenge kipya, katikati ya foleni, aliinua mkono. "Mama Masalu, na uso je? Si ulituambia hapa mnakaza uso?"

Watu waligeuka. Ndani, Kokulinda alingoja, mkono ukiwa kwenye kitufe cha mashine.

"Uso bado," Rebeka alisema. "Mashine yake haijatengenezwa, daktari amesoma mpaka mwisho. Wewe kaa nao hivyo hivyo, mama. Mimi si nakaa na wangu?"

Mwanamke yule alifikiri kidogo.

"Basi angalieni bega," alisema, akabaki kwenye foleni.

Kokulinda alizungusha kitufe hadi tatu na kumwambia wa kwanza avue saa.